Hendeli Chini ya Kitanda cha Mama Taaka

Mwanangu, ipo siku moja hainitoki kichwani: siku niliposukuma mkokoteni wenye magunia ya mama anayenidai, niliyekuwa nimemkimbia, tena kupanda mlima, kofia nimeivuta mpaka puani kama mtu anayeumwa meno. Nitakusimulia, lakini usiniharakishe. Mimi shule niliiacha pale walipoanza hesabu za kugawanya, kwa hiyo mambo yangu yanakwenda polepole, na mengine huwa yanabaki.

Juzi walikuja watu pale ukumbi wa kaunti ndogo, vijana wa tai, wanazunguka kuuliza wananchi maoni juu ya sheria ya mtu aliyefilisika. Wanataka kuikarabati. Mdaiwa alindwe namna gani, na yule anayemdai apate haki yake namna gani. Wakanipa dakika mbili. Mimi dakika mbili nazimaliza kwa kusafisha koo. Nikasema jambo moja kuhusu mkanda wa mashini na pembea ya watoto, ukumbi mzima ukacheka, nikakaa. Yale yaliyobaki ndiyo haya nakupa wewe, hasa wewe mwenye madeni ya kwenye simu, ambaye nasikia umeanza kuulizia chumba cha kupanga upande wa Kenya.

Kaa kidogo. Mimi hicho chumba nilishakilala.

Wakati ule nilikuwa kijana mwenye nywele, usinicheke. Nilitoka kwetu Iyolwa na mke wangu Athieno, tukapata kiwanja pembeni ya Busia, upande huu wetu wa Uganda, pale ardhi inaposhuka kwenye bonde la mafunjo. Ukivuka bonde, ile miti unayoiona ni Kenya. Jogoo wao akiwika sisi tunaamka, na sisi tukikaanga samaki wao wanameza mate. Hapo ndipo niliweka mashini ya kusaga mahindi.

Ile mashini, mwanangu, sikuinunua kwa pesa zangu. Mama Taaka ndiye alinikopesha sehemu kubwa. Huyu alikuwa mama Msamia wa Majanji, mchuuzi wa mukene, wale samaki wadogo wa kukausha. Anatoka ziwani na magunia, anauza Busia ya huku, anavuka anauza Busia ya kule. Mama mfupi, sauti ya chini, ukimdanganya anakutazama mpaka unajisahihisha mwenyewe. Kiasi kingine nilikopa kwa chama cha akina mama wa pale kijijini, na dizeli nilikuwa nachukua dukani kwa mkopo.

Mwanzo ilikwenda vizuri mno. Mashini yangu ilikuwa ya zamani, na ilikuwa na sauti yake peke yake. Inalia tuku, tuku, tuku, halafu inameza mate kidogo kama mtu anayekumbuka jambo, halafu tuku tena. Mwanamke akiwa shambani, hata mbali, akisikia inameza mate anajua ni ya Okoth, anachukua beseni lake la mahindi anakuja. Athieno anapokea, mimi nazungusha hendeli, kile chuma cha kuwashia injini, na moshi unatoka, na unga unatupaka wote nyusi nyeupe. Jioni tunatazamana tunacheka. Ningepewa siku moja tu ya maisha yangu niirudie, nisingechagua harusi. Ningechagua Jumamosi moja ya zile za unga kwenye nyusi.

Lakini mimi sikutosheka kuwa msagaji. Nilikwenda mjini nikachongesha muhuri ulioandikwa Mkurugenzi. Sikuwa na barua ya kuupiga, kwa hiyo nikawa naupiga kwenye magunia. Halafu nikaenda Paya, kwa mzee mmoja mkulima anaitwa Obbo, nikamwambia anipe mahindi yake na ya majirani zake mali kauli, nikauze Kenya kwa bei nzuri, nitawaletea chao nikirudi. Walinipa. Waliona muhuri.

Nikajaza lori. Mvua ikatukuta kwenye foleni ya mpaka na turubai lina matundu. Tulipofikiwa, mkaguzi akaingiza mkono kwenye gunia, akautoa, akanusa, akaninusisha na mimi. Ukungu. Lori likageuzwa. Yale mahindi hata ng'ombe wa Kenya hawakuruhusiwa kuyala, na ng'ombe wetu walikataa wenyewe.

Sasa nilidaiwa na Mama Taaka, na chama cha akina mama, na mwenye duka la dizeli, na Paya nzima. Hapo ndipo akili yangu ya darasani ilipofanya kazi. Nilijiambia deni ni kitu cha upande mmoja. Chifu wa huku hana nguvu kule, polisi wa huku hana nguvu kule, basi hata deni likifika pale kwenye kizuizi litaambiwa rudi. Wengi pale mpakani walikuwa wanaamini hivyo, na wapo wanaoamini mpaka leo, sikosei nikisema wewe ni mmoja wao. Nilimwambia Athieno nakwenda mara moja kutafuta mnunuzi. Alinitazama begi, akanitazama uso. Hakuuliza mnunuzi gani anatafutwa kwa nguo za kubadilisha.

Nikavuka.

Upande wa pili nilipata chumba cha bati kwenye mteremko, na kazi ya kusukuma mkokoteni sokoni. Vijana wa kule walinipokea vizuri, wakanifundisha kusema niaje na poa, nikawa nasema kama mzungu anayejifunza. Lakini chumba kile kilikuwa na ubaya mmoja: mlango wake ulitazama bonde. Kila asubuhi nikifungua, ile ni nyumba yangu. Paa langu nalijua, lina bati moja jipya linalong'aa kuliko mengine. Moshi ukitoka jikoni najua amewasha kuni mbichi, maana hana wa kumpasulia. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado hajaanza kusema nilipoondoka. Alianzia kusema mimi nikiwa ng'ambo. Upepo ukija upande wetu nasikia sauti ndogo inaita kitu, sijui inaita nini. Neno lake la kwanza, mwanangu, mimi nimesimuliwa kama wewe unavyosimuliwa.

Na kila Jumamosi Athieno anafua. Alikuwa anaanika nguo zake na za mtoto nyuma ya nyumba. Lakini shati langu la bluu, nililoliacha, alikuwa anaanika mbele, kwenye ua unaotazama Kenya. Hakuna aliyelivaa, hakuna aliyelichafua. Analifua hivyo hivyo, analianika hivyo hivyo. Nilikuwa nakaa mlangoni nalitazama mpaka alikusanye, hata kama kuna kazi sokoni.

Utauliza kwa nini asivuke kuja kuniona, maana kuvuka ni mwendo wa mtu kutafuna muwa mmoja. Nilimtumia ujumbe kwa wapanda baiskeli, nikimwomba. Jibu lililetwa lilelile kila mara: mimi sikukimbia mtu, anayetaka kuniona anajua nyumbani. Basi asubuhi moja yenye ukungu nilijipa moyo nikaingia bondeni. Nilifika katikati ya mafunjo. Mbwa wangu mwenyewe, niliyemlea kwa maziwa, akaanza kunibwekea kama mwizi. Nikasimama ndani ya matope nikamwita jina lake polepole. Akabweka zaidi. Nikarudi Kenya nimelowa mpaka kiunoni, na jirani akaniuliza kama nimekwenda kubatizwa.

Kitu kingine kilichoniumiza ni ukimya. Nilikuwa naamka nasikiliza mashini. Nilidhani Athieno ataiwasha. Kulikuwa na mashini nyingine huko na huko, nazijua zote kwa sauti, lakini ile inayomeza mate haikulia. Baadaye nikapata habari. Nilipoondoka tu, wenye madeni walikuja, kila mmoja kwa mbio ili mwenzake asimtangulie. Mzee Obbo wa Paya alibeba mkanda, ule mpira mrefu unaozungusha mashini. Mwenye duka la dizeli akabeba mizani. Chama cha akina mama wakabeba pipa la kumiminia mahindi. Na Mama Taaka, aliyefika wa mwisho kwa sababu Majanji ni mbali, alikuta kimebaki chuma kizito cha injini kisichobebeka, akachukua hendeli.

Sasa tazama akili hiyo. Kila mtu alikuwa na kipande cha mashini, na hakuna aliyekuwa na mashini. Kule Paya mkanda ulitundikwa kwenye mti, wajukuu wakapata pembea. Pipa likageuzwa kichwa chini, kuku wa chama akaatamia humo. Hakuna aliyepata hata kikombe cha unga. Na beseni za akina mama zikawa zinabebwa kwenda kwa mtu mwingine, mbali.

Basi ndipo ikaja siku ile. Nilikuwa sokoni, mama mmoja akaniita kwa nyuma, mkokoteni, njoo hapa, magunia haya yaende kule juu. Nikainama nikapakia. Harufu ya mukene ikanipanda puani, nikainua macho kidogo tu, nikaona miguu. Ile miguu niliijua. Nilivuta kofia. Nikajiambia hajaniona, nisukume haraka, nimalize, nipotee. Nikasukuma. Mlima wote yeye anatembea pembeni, mimi natoa jasho la aina mbili.

Tulipofika juu kabisa, magurudumu yamesimama, akasema, "Weka chini, Mkurugenzi. Pumzika."

Ningekimbia, mwanangu, lakini mkokoteni ulikuwa wa kukodi.

Alikaa juu ya gunia lake, akatoa kitambaa, akafuta shingo. Hakunitukana. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akaniambia na yeye bado, kwa sababu siku hizi ananunua magunia mawili ziwani badala ya sita, ule mtaji mwingine uko kwangu. Wavuvi waliokuwa wanamsubiri yeye wameanza kuwauzia wengine. Na yeye mwenyewe anadaiwa na dada yake. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anayenidai naye anadaiwa. Nilikuwa namwona kama ukuta tu, ukuta unaotaka pesa.

Nikamwambia, "Mama, mimi niliacha kila kitu. Sikubeba hata mwiko. Nyinyi mmechukua vyote."

"Sisi tumechukua chuma," akasema. "Ile kitu moja ya kunilipa, wewe umeibeba, umeleta huku Kenya."

"Kitu gani, mama?"

"Wewe. Hii mikono. Nimeiona sasa hivi inapandisha gunia zangu mlima. Inajua kazi. Lakini inanifanyia kazi ya siku moja, halafu inajificha."

Nilitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine.

Nikamuuliza kwa nini basi asinipeleke mahakamani, nikafungwa, akapumzika. Hapo alicheka kidogo, mara ya kwanza. Alisema alikwenda kuuliza. Karani akamweleza kwamba ndiyo, mtu wa deni anaweza kufungwa, lakini anayemdai ndiye analipia chakula chake kule ndani. Sheria ilikuwa hivyo kweli.

"Nikasema ngoja kwanza," akaniambia. "Nakudai, halafu nakununulia posho na maharagwe, unakaa umenenepa, hakuna unachofanya? Mimi na wewe nani atakuwa amefungwa? Nimerudi nyumbani na hendeli yako. Iko chini ya kitanda. Usiku nikigeuka naigonga na mguu. Nimechoka kulala na chuma."

Kisha akafungua fundo la leso akanilipa ujira wa kusukuma, wote, kama anavyolipa mtu yeyote. Nikakataa, nikasema aukate kwenye deni. Akanishika kiganja akanibandika hela humo. Alisema hiyo ni jasho la leo, nikale. Lile deni haliwezi kuongelewa mlimani na watu wawili, wenzake wapo, na wao wana haki kama yake. "Tukikaa chini wote, pale kwako, tutaona," akasema. "Utakuja?"

Nikasema nitakuja. Kwa sauti ya mtu mkweli kabisa.

Na sikwenda. Siku ya kikao ilifika, nikafungua mlango, nikaona watu wanakusanyika pale kwangu, wadogo kama kuku kwa jinsi walivyo mbali. Nilimjua Mzee Obbo kwa mwendo wake. Nikafunga mlango. Nilimwogopa Obbo kuliko polisi, maana polisi sikumdanganya kwa muhuri.

Kwa hiyo yaliyotokea kwenye kikao kile nimesimuliwa na Athieno, na amenisimulia mara nyingi, kila mara na chumvi mpya, nami sikuwahi kumkatiza. Walikuja kila mtu na kipande chake, lakini hakuna aliyetaka kukiweka chini wa kwanza. Mwenye duka alikaa na mizani mapajani kama mtoto. Mzee Obbo amejizungushia mkanda begani. Mwenyekiti wa kijiji akajaribu kufungua kikao kwa sala, watu wakaomba jicho moja liko wazi. Ndipo Mama Taaka alipofungua leso yake, akatoa hendeli, akaiweka chini katikati, akaenda akakaa mbali nayo.

Mzee Obbo akasema yeye alipwe kwanza, kwa sababu yake ilikuwa chakula cha watoto, si biashara. Alikuwa na haki, usifikiri alikuwa mbaya. Mwenye duka akasema yeye ndiye wa kwanza kufika. Mama Taaka akawaambia kwamba kama tunalipana kwa mbio, basi yeye na magoti yake hatalipwa kamwe, na kesho mtu mwingine mwenye miguu mizuri zaidi atawapita hata wao.

Halafu Athieno akasimama. Mwanangu, huyu mwanamke alikuwa hana shule hata hiyo nusu yangu. Aliingia ndani akatoa kila kitu nje. Sufuria, godoro, viti, mbuzi. Akawaambia pia kuna ndama kwao Iyolwa, ambaye hakuna mtu pale aliyemjua, ambaye angeweza kumnyamazia. Akasema, "Hivi ndivyo vitu vyetu vyote, hakuna kingine. Mume wangu ni mpumbavu, hilo nakubali. Lakini mkifunga hii mashini mnanifunga na mimi ninayetaka kuwalipa."

Ni yule ndama aliyemgeuza Mzee Obbo. Alisema mtu anayetaja ndama asiyeulizwa, huyo naweza kumngoja. Akavua mkanda begani.

Wakakubaliana hivi. Mashini irudi. Pesa ya siku ya soko itoe kwanza dizeli, itoe chakula cha nyumba ili msagaji asife, na inayobaki igawanywe: mwenye deni kubwa apate kubwa, mwenye deni dogo dogo, lakini wote siku moja, mbele ya wote. Ndama auzwe, pesa yake iende Paya. Mbuzi abaki kwa ajili ya mtoto. Na wakati hayo yanaendelea, asije mtu yeyote kubeba kitu. Hesabu ya kugawanya iliyonifukuza shule, watu wazima wameimaliza uani kwangu mimi nikiwa nimejifungia Kenya.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafunga kamba ya mkokoteni. Nikasikia kukohoa upande wa bonde. Kikohozi, kimya. Kikohozi tena. Halafu tuku, tuku, tuku. Nikasimama. Nikajiambia ni ya mtu mwingine. Halafu ikameza mate.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka mafunjo yananipiga usoni na mbwa anabweka, na safari hii nikamwambia bweka tu. Nilitokea upande wa pili na kiatu kimoja, mbele ya foleni ya akina mama na beseni zao, kumekucha kabisa, kila mtu ananiona. Mmoja akasema, Mkurugenzi ametoka safari. Wakacheka, nami nilistahili. Mama Taaka alikuwa amekaa kwenye benchi, amelala usingizi, ameegemea ukuta unaotikisika, kama mtu aliyepata kitanda kizuri. Mzee Obbo alinipa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa unashika pipa.

Athieno alikuwa na unga kwenye nyusi. Hakulia, hakunikumbatia. Aliingia ndani akatoka na shati la bluu. Akasema, "Vaa. Halafu kaza mkanda, unateleza."

Nilipolivaa lilichanika begani. Lilikuwa limechakaa kwa kufuliwa.

Tulilipa. Ilichukua muda, mwaka mmoja mahindi yalikuwa mabaya tukakaa tena chini tukapanga upya, lakini tulilipa wote, na Mama Taaka akarudi kwenye magunia yake sita. Sasa yeye ametangulia, na Athieno pia, amelala kule Iyolwa kando ya mama yangu. Mimi nimebaki na mashini ya umeme isiyokuwa na sauti. Nakwenda mpaka ukingoni mwa bonde jioni nyingine, natazama ule mteremko wa Kenya, pale palipokuwa na chumba changu. Siku hizi kuna maghorofa. Natafuta mlango. Nataka kumwambia yule kijana aliyekaa pale anatazama shati, inuka, nenda sasa hivi, hawatakuua. Madeni yote yalilipwa, mwanangu. Misimu miwili ya mvua niliyokaa ng'ambo, hiyo sijapata wa kumdai.

Sasa sikiliza ninachokuambia, na uwaambie wenzako.

Deni likikushinda, usivuke. Kaa, na uwaite wote wanaokudai, si yule mmoja tu anayepiga kelele. Ukimlipa mwenye kelele kwa siri, umemwibia mpole. Watajie na vitu vyako vyote, hata ndama wa Iyolwa, maana anayeficha mali hana wa kumtetea, na ni sawa asiwe naye. Ujue pia kwamba sheria ya siku hizi imesogea kidogo kuja alipokuwa amekaa Mama Taaka. Unaweza kwenda mahakamani ukaomba wakusubiri kwa muda wakati unawaletea wanaokudai mpango wa kulipa, na wakiukubali unawafunga wote, hakuna wa kuja kubeba mkanda. Mimi sikujua hata mlango huo uko upande gani, nawe hujui, na hilo ndilo nililotaka kuwaambia wale vijana wa tai: mlango mzuri uliojengwa mbali na watu, tena maelezo yake kwa Kiingereza, bado ni ukuta. Waulete huku kaunti ndogo. Waueleze kwa lugha ya sokoni. Gharama yake isimshinde mtu ambaye tayari ameshindwa. Waandike wazi kwamba kifaa cha kazi cha mtu hakibebwi. Na wasimsahau Mzee Obbo, mkulima aliyetoa gunia lake kwa imani, asiwekwe nyuma ya wakubwa eti hana makaratasi. Hao wa mikopo ya simu wanaompigia mama mkwe wako kukutangaza, nao waitwe wakae uani pamoja na wengine, waweke hendeli chini.

Na wewe siku ukiwa unadai, maana utadai pia, mtazame unayemdai mikono yake kabla hujatazama bati lake. Muulize kama amekula.

Haya. Mungu akupe kazi, na akupe watu wa kukungoja wenye moyo kama wa yule mama wa Majanji. Akupe mtu wa kukuanikia shati, lakini asikupe sababu ya kulitazama kutoka mbali. Paa lako liwe juu ya kichwa chako, si mbele ya macho yako. Na hilo begi ulilokwisha kulipanga, mwanangu, lifungue. Toa nguo uzirudishe kwenye kamba.